Useremala Ndani ya Vyumba Viwili

Miongoni mwa watu wakaao katika majumba ya ghorofa ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, wako wengi ambao wangependa mno kushika randa na patasi katika saa zao za faragha, lakini hujikanya wenyewe kabla ya kukanywa na mtu, wakisema kwamba useremala hutaka kiwanja, banda, meza nzito yenye jiriwa, mashine ya kupasulia na majirani viziwi, na kwamba mwenye vyumba viwili, jiko la kupishana ubavu kwa ubavu na roshani ya kuanikia nguo hana budi kuiweka tamaa hiyo mpaka siku atakapojaliwa kujenga nyumba yake. Hoja hiyo ina sura ya busara, na aghalabu husemwa na watu wenye akili timamu. Walakini imejengwa juu ya dhana isiyo kweli, nayo ni kwamba ufundi wa mbao ni wa namna moja tu, ile ionekanayo Keko ya Dar es Salaam au kandokando ya Barabara ya Ngong ya Nairobi, mahali ambapo vitanda na makabati hutoka kwa makumi huku misumeno ya umeme ikinguruma tangu asubuhi hadi magharibi.

Seremala wa Keko hana lawama. Mteja wake anataka kitanda cha futi sita kwa sita kabla ya Ijumaa, kodi ya banda inamngoja, na vibarua wake wanatazamia ujira. Kwake mashine ni rehema, na mtu atakayemshauri apasue mbao zake zote kwa mkono astahili kuchekwa. Lakini yule afanyaye kazi ya mbao kwa kuustarehesha moyo hana mteja wala Ijumaa. Mashine humpa mtu kasi, na kasi ndiyo kitu asichokihitaji hata kidogo, maana starehe yake imo katika kule kufanya. Akimaliza upesi amejipunja. Ukimwondolea haja ya kasi, umemwondolea mashine. Ukimwondolea mashine, umemwondolea nusu ya kelele, sehemu kubwa ya vumbi na takriban nafasi yote aliyodhani anaihitaji. Kinachobaki huenea juu ya mkeka mmoja.

Wala mkeka si mfano wa kubuni. Atazamaye wachonga nakshi wa Lamu na Unguja wakiwa kazini ataona kwamba wengi wao huketi chini au juu ya kigoda kifupi, ubao umelazwa mbele yao, mguu mmoja umeukandamiza mahali pa jiriwa, mkono wa kushoto unaongoza patasi na wa kulia umeshika nyundo ya mti. Milango ile ya Mji Mkongwe inayowafanya wageni wasimame njiani na kupiga picha haikuchongwa ikiwa imesimama kama mlango. Nakshi ilitiwa kipande kwa kipande, mwimo peke yake, kizingiti cha juu peke yake, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungano ya mbao mbili za mlango, peke yake, na kila kipande kilikuwa na upana ambao mtu aliyeketi aliweza kuufikia bila ya kujinyanyua. Hatua chache kutoka hapo yamesimama majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na nadhani wamo humo watu wengi waaminio kwamba ufundi ule umebaki chini, barabarani, kwa sababu hauwezi kupanda ngazi. Lakini mchonga nakshi pamoja na vyombo vyake vyote huenea katika pembe ya chumba chochote cha Michenzani, na nafasi ya kupitisha sinia la chai ikasalia.

Watu wa mataifa mengine nao walilijua jambo hili. Seremala wa Kijapani wa kale aliketi sakafuni, na msumeno wake na randa yake hukata kwa kuvutwa, si kwa kusukumwa, mwendo ambao mtu aliyeketi huumudu vizuri kuliko aliyesimama. Nchini Finland, mwaka 1866, kazi ya mikono iliingizwa katika shule za msingi kwa juhudi za Uno Cygnaeus, na huko Sweden mwalimu Otto Salomon akafungua chuo mahali paitwapo Nääs, ambako walimu kutoka nchi nyingi walifundishwa kumwanzisha mtoto kwa kisu na kipande cha mti kabla ya kumpa chombo kingine chochote. Waingereza, kwa upande wao, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walishikwa na wazimu wa kukata mapambo ya mbao nyembamba kwa msumeno wa uzi, wakifanya hivyo sebuleni, hata likatoka gazeti la kila wiki kwa ajili yao kuanzia mwaka 1895. Mapambo yale mengi yalikuwa mabaya, na asiyeamini akatafute picha zake. Lakini hakuna aliyeambiwa ahame nyumba kwanza.

Sasa tuiendee kelele, kwa kuwa ndiyo itakayomfikisha mtu kwa mwenye nyumba. Sauti katika jengo la zege huenda kwa njia mbili. Iko ile ipitayo hewani, kama sauti ya redio, ambayo mlango na pazia huipunguza. Na iko ile iingiayo katika saruji yenyewe kwa kugonga, ambayo haipunguzwi na pazia wala mlango, bali husafiri ndani ya sakafu na nguzo na kumtokea jirani wa ghorofa ya chini kana kwamba wewe umekaa juu ya kichwa chake. Msumeno wa umeme wa kushika mkononi hufikia desibeli 100 hivi, na huo hauna mjadala. Msumeno wa mkono hutoa hasa sauti ya hewani, tena ya upole, na randa iliyonolewa vyema husikika kidogo tu chumba cha pili. Adui ni nyundo. Basi fundi wa ghorofani hujizoeza kusukuma patasi kwa kiganja na uzito wa bega badala ya kuipiga, akiondoa mti kwa tabaka nyembamba. Na pale ambapo hana budi kugonga, huweka kazi yake juu ya mguu wa meza, si katikati ya meza ambako ubao hulia kama ngoma, na chini ya miguu hiyo hukunja jamvi kuukuu au vipande vya mpira wa gurudumu. Kenya imekuwa na kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na Tanzania nayo inazo zake, lakini mtu akifika mahali pa kusomewa kanuni na jirani yake, ujirani umekwisha kuvunjika. Ni bora kubisha hodi siku ya kwanza, ukasema, "Shikamoo mama, mimi huchonga kidogo saa za jioni; ikikusumbua niambie," na kuziheshimu saa za kulala mchana, saa za sala na usiku baada ya isha. Atakayeanza hivyo atasamehewa mengi.

Vyombo ni vichache, na hapa ndipo pesa hupotezwa. Madukani watu huuziwa masanduku yenye vipande arobaini vya chuma duni ambavyo thelathini na tano havitaguswa kamwe. Mwenye kuanza achukue msumeno mmoja wa Kijapani wenye meno pande mbili, upande wa kupasulia na upande wa kukatia, nao utatosha mahali pa misumeno miwili. Patasi tatu, ya robo inchi, ya nusu inchi na ya inchi moja. Randa moja ndogo. Guni la kupimia pembe mraba. Mahati ya kuchorea mistari iliyo sambamba na ukingo. Msumeno wa uzi, keekee ya mkono na kinoo. Apendaye kuchonga miko na vijiko ataongeza kisu kifupi na kingine kilichopinda. Vyote hivi huingia katika sanduku lisilozidi lile la mwanafunzi wa shule ya bweni, na sanduku hilo huingia mvunguni mwa kitanda. Vyombo vikuukuu vya chuma kizuri, ambavyo huonekana mara kwa mara katika minada na kwa wauza vyuma chakavu, mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei rahisi, kwani kutu ya juujuu huondoka, ilhali chuma kibaya hakigeuki kuwa kizuri.

Nimekitaja kinoo mwishoni mwa orodha, lakini kwa haki kingepasa kutangulia, maana katika useremala wa mkono kila kitu hutegemea makali, na akthari ya watu walioushika ufundi huu na kuuacha hawakushindwa na mti, walishindwa na patasi butu. Patasi itokayo dukani haijanolewa, imekatwa tu. Mgongo wake, yaani ule upande ulio bapa, lazima usuguliwe juu ya kinoo mpaka sehemu ya mbele ing'ae kama kioo, kazi ya jioni nzima lakini ya mara moja tu katika uhai wa patasi. Kisha mteremko wake, ambao kwa kawaida hukatwa kiasi cha digrii 25, hunolewa nchani kwa pembe kubwa kidogo, digrii 30 hivi, ili makali yawe na nguvu ya kustahimili mti mgumu. Mnoaji hupeleka na kurejesha mpaka ahisi, kwa kupitisha kidole taratibu upande wa mgongo, ukingo mwembamba wa chuma uliopinda katika upana wote wa patasi. Ukingo huo ukiwapo, ameufikia mwisho wa ubutu, naye huugeuza mgongo, akauondoa ukingo huo kwa mipapaso michache, kisha akamalizia juu ya kipande cha ngozi. Atajuaje kwamba amefaulu? Achukue kipande cha mti laini, msonobari mathalan, na akate kichwani pake, mahali ambapo nyuzi za mti humtazama mtu usoni. Patasi butu itaziponda na kuacha ukungu mweupe. Patasi kali itaacha uso laini, wenye rangi iliyoiva, utadhani umepakwa mafuta. Baada ya hapo kunoa ni jambo la dakika chache kila kazi inapoanza, na mtu akishalionja hilo hatakubali tena kufanya kazi kwa chombo butu, kama vile mpishi asivyokubali kukata vitunguu kwa ukingo wa kijiko.

Meza si tatizo kubwa kama isemwavyo. Meza ya kulia chakula, ikiwa haichezi, yatosha, maadamu juu yake pawekwe ubao mnene wenye kipande kilichogongomewa chini ya ukingo mmoja ili kikwame kwenye meza, na kingine juu ya ukingo wa pili ili kiizuie kazi isiteleze wakati wa kukata. Kibao hicho ni karibu bure, nacho huilinda meza, na pamoja nayo amani ya nyumba. Asiye na meza imara na arudi mkekani, aegemeze kazi ukutani na kuikanyaga. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya dhiki. Nami nasema kwamba mgongo hupumzika zaidi kwa kuketi kuliko kwa kuinama juu ya meza fupi, na kwamba maranda yaangukayo juu ya mkeka hukung'utwa mara moja, ilhali yale ya mezani huonekana siku tatu baadaye ndani ya pilau.

Mbao zenyewe, kwa mtu wa vitu vidogo, hupatikana kwa urahisi usiotarajiwa. Mafundi wa vitanda na milango hutupa au huuza kwa bei ya kuni vipande vya mninga, mkongo, mvule na msaji ambavyo kwao ni mabaki na kwako ni malighafi ya mwaka mzima. Mninga ni mwalimu mwema: haukazi mno, hunukia, hupokea randa vizuri, na sifa yake kubwa ni kwamba hutulia, haupindi wala haunywei sana baada ya kukauka. Msonobari utokao Sao Hill huko Mufindi ni rahisi na laini, wafaa kujifunzia viungo, ingawa vifundo vyake humchosha mwanafunzi. Mpingo uache kwanza. Ni mti mzito hata huzama majini, mafundi wa Kimakonde huumudu kwa sababu wamelelewa nao, lakini mwanagenzi utamrudisha kwenye kinoo kila baada ya robo saa. Mbao za paleti zaweza kutumika, ila atazame kwanza muhuri uliochomwa ubavuni: ukiwa na herufi HT, mbao zilitibiwa kwa joto, ukiwa na herufi MB, zilifukizwa kwa dawa ya sumu, nazo asiziingize nyumbani.

Hapa pana jambo ambalo mwenye kukaa pwani hana budi kulijua. Mti uliokatwa haufi kabisa. Huvuta unyevu wa hewa na kuutoa, ukavimba na kunywea maisha yake yote, lakini hufanya hivyo kwa upana tu, kwani kwa urefu wa nyuzi zake karibu haubadiliki. Ubao wa upana wa sentimita 20 uliokaushwa katika hewa ya Dar es Salaam na kutengenezwa wakati wa masika, ukihamia Dodoma waweza kupungua milimita mbili au tatu. Sanduku lililogundishwa pande zote bila ya kufikiria hilo litapasuka, hata kama gundi yake ni ya kusifiwa, na mwenyewe atamlaumu muuza mbao. Ndiyo sababu mafundi huingiza ubao mpana ndani ya mfuo wa fremu bila ya gundi, wakiuachia nafasi ya kupumua, na ndiyo sababu kifuniko kilichotengenezwa wakati wa kaskazi kavu hakipasi kubana sana, kwa kuwa masika yatakuja kukibana.

Ningependa kueleza kitu kimoja kwa ukaribu, ili msomaji aone ni kiasi gani cha ufundi kinachoweza kuenea juu ya magoti, nacho ni marfaa, ile ya kuwekea msahafu wakati wa kusoma. Nyumba nyingi za pwani zina moja, na wengi wameifungua na kuifunga tangu utoto bila ya kujiuliza imeunganishwaje, kumbe haikuunganishwa hata kidogo. Marfaa iliyotengenezwa kwa njia ya kale ni ubao mmoja. Haina bawaba, haina msumari, haina tone la gundi. Mbawa zake mbili hupishana katikati kwa vifundo vilivyochongwa kutoka katika ubao uleule, na haziwezi kutenganishwa ila kwa kuvunjwa.

Chukua ubao wa mninga wa urefu wa sentimita 45, upana wa 18 na unene wa tatu, ulionyooshwa vyema kwa randa. Chini kidogo ya nusu ya urefu, chora pande zote mbili mkanda unaokatisha upana wa ubao, wenye upana sawa na unene wake, yaani sentimita tatu. Ugawe mkanda huo katika sehemu tano zilizo sawa, nawe utakuwa umepata vifundo vitano. Kwenye mistari minne inayovitenga, toboa tundu dogo kwa keekee, fungua uzi wa msumeno, upitishe tunduni, uufunge tena, na ukate kila mstari kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho wake, ukipenya ubao mzima. Mpaka hapo hakuna kilicholegea, na anayekutazama atadhani umeuharibu ubao mzuri kwa kuutia nyufa nne zisizo na maana.

Kisha patasi huanza. Katika uso wa mbele, kifundo cha kwanza, cha tatu na cha tano huchongwa nusu yake ya chini, kwa mviringo, kuanzia katikati ya mkanda na kushuka mpaka kufikia nusu ya unene wa ubao penye mpaka wa mkanda. Cha pili na cha nne huchongwa vivyo hivyo, ila nusu yao ya juu. Geuza ubao, na mambo yote yageuke: cha kwanza, cha tatu na cha tano nusu ya juu, cha pili na cha nne nusu ya chini. Katika hatua hii mchongaji hupotewa na akili kwa muda, naye atafanya vyema kuweka alama ya kalamu juu ya kila sehemu itakayoondolewa kabla ya kugusa mti, kwani kifundo kilichochongwa upande usio wake hakirudi. Mviringo wa vifundo na mashavu yao ndio uamuao marfaa itafunguka kwa kiasi gani. Ukichonga kidogo itabaki imefumbata, ukichonga kupita kiasi italala chali.

Iliyobaki ni kazi ya msumeno. Ubao husimamishwa, hushikwa katikati ya miguu au kubanwa ukingoni mwa meza, na hupasuliwa katikati ya unene wake, kwanza kutoka kichwani kushuka mpaka penye mkanda, kisha kutoka chini kupanda mpaka penye mkanda huohuo. Huu ndio muda mrefu. Msumeno uvutwe kidogo kutoka pembe moja, ubao ugeuzwe, uvutwe kutoka pembe ya pili, na hivyo hivyo kwa kupokezana, ili mstari wa upande mmoja uuongoze ule wa mwenziwe. Atakayeng'ang'ania upande mmoja tu ataona msumeno umetokea mahali asipopatarajia. Pale msumeno unapokutana na nafasi iliyochongwa na patasi, mbawa hulegea, hulia kidogo, na mara nyingi hukwama kwenye nyuzi chache zilizosahauliwa kati ya kifundo na kifundo, ambazo hutafutwa kwa ncha ya kisu mpaka zikatike. Ikifunguka, utaona kwamba ubawa uliokuwa mbele kwa juu ndio ulio nyuma kwa chini. Nakshi ya mbawani aitakaye ataitia baadaye, jioni kwa jioni. Asiyeitaka aache mti ujisemee.

Kazi nzima hiyo, kama msomaji alivyoona, haikutaka pigo hata moja la nyundo.

Lakini isidhaniwe kwamba mkono hauna madhara yake. Vumbi la mbao si kitu cha kudharauliwa. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililiweka mwaka 1995 katika kundi la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwawasha wengi ngozi na kuwabana kifua. Linaloleta hatari zaidi ni lile laini liletwalo na msasa, ambalo huelea hewani saa nyingi na kutulia juu ya mito ya kulalia watoto. Afanyaye kazi katika chumba kimoja na familia yake na amalizie uso wa mti kwa randa kali na kwa kukwangua kwa kipande cha chuma chembamba, au kwa kigae cha kioo kama wafanyavyo wachongaji wengi wa kwetu, maana vyombo hivyo hutoa maranda yaangukayo chini badala ya vumbi lipandalo juu. Msasa ukilazimu, utumike roshani, na kinywa na pua vifunikwe. Kufagia kufanywe kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu kung'arisha, harufu ya vanishi katika nyumba ndogo ni adhabu kwa wote waliomo, na sioni sababu yake kwa vitu vya kushika mkononi. Mafuta ya kitani hupenya na kukauka ndani ya mti, na nta ya nyuki, ambayo Tabora inayo kwa wingi, huupa uso mng'ao wa upole. Mafuta ya nazi hayafai, kwa kuwa hayakauki, na baadaye huvunda. Ila mafuta ya kitani yana hila ya kuogofya: yakaukapo huvuta oksijeni na kutoa joto, na kitambaa kilicholoa mafuta hayo, kikifinyangwa na kutupwa pembeni au ndani ya pipa la taka, joto hilo hukosa pa kutokea, likakusanyika mpaka kitambaa kikawaka moto chenyewe, bila ya kiberiti wala cheche. Katika nyumba ya peke yake hilo ni msiba wa mtu mmoja. Katika jengo la ghorofa ni msiba wa familia nyingi. Vitambaa hivyo na vianikwe kimoja kimoja juu ya kamba ya roshani mpaka vikakamae, au vilowekwe majini kabla ya kutupwa.

Baada ya miezi kadhaa litatokea tatizo ambalo hakuna aliyelitaja, yaani vitu vyenyewe. Chumba kilichotosha kwa kazi hakitoshi kwa mazao ya kazi, na mke wa nyumba, aliyestahimili maranda, hatastahimili kisanduku cha nane juu ya friji. Dawa ni kutoa. Miko iende kwa mama wa ghorofa ya chini aliyevumilia, marfaa iende madrasa, vigoda viende kwa watoto wa ndugu, na visanduku viende harusini vikiwa na kitu ndani. Habari zitaenea, na kabla ya muda mrefu mtu atabisha hodi akitaka kununua, akiuliza kama waweza kumtengenezea sita za namna hii kabla ya mwisho wa mwezi. Ushauri wangu ni kukataa, kwa adabu, walau kwa miaka ya mwanzo. Sita kabla ya mwisho wa mwezi ndiyo Ijumaa ya seremala wa Keko ikipanda ngazi. Itataka mashine, mashine itataka banda, na hapo kweli vyumba viwili vitakuwa vidogo.